Pampu Yenye Mdomo: Darsa Kuhusu Kuvuna Nishati ya Mtikisiko wa Polepole



Ndugu zangu wanafunzi, kwa toleo hili niliombwa darsa la fiqhi ya wakfu. Nimelileta, ila mlango nilioingilia ni wa uhandisi. Nisomeni hadi mwisho, kisha mniambie kama nimepotea njia.

Kiangazi kilichopita pampu ya mkono iliyo karibu na msikiti ninaoswali hapa Juba iliharibika. Pampu ile ni sadaka ya mtu tusiyemjua. Mpini ulikuwa ukipanda na kushuka, maji hayatoki. Wiki ya kwanza kila mtu alidhani mwenzake ameshatoa taarifa. Imamu alidhani kamati imempigia fundi. Kamati ilidhani waliochimba kisima wanajua. Waliochimba, nao wako mbali, walidhani maji yanatoka kama kawaida. Wiki tano zikapita. Akina mama wakawa wananunua maji ya lori kwa pipa, na sisi tukawa tunatawadha kwa kopo moja la kugawana. Fundi alipokuja hatimaye, alimaliza kazi asubuhi moja. Kilichokuwa kimechakaa ni raba za pistoni, vitu vya kushika kwenye kiganja.

Wiki tano za shida kwa kazi ya asubuhi moja! Pesa ya raba haikukosekana, wala fundi hakukosekana. Kilichokosekana ni habari. Mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye foleni alituambia, "Wanangu, pampu hii ingekuwa na mdomo, ingelia tangu siku ya kwanza."

Usiku ule nilimsimulia maneno hayo rafiki yangu anayesoma uhandisi. Akanijibu, "Akhi, mdomo upo, watu wameshautengeneza. Shida ni kuulisha." Darsa hili limetokana na mazungumzo yetu ya usiku ule na mengine mengi yaliyofuata. Mimi si mhandisi, na hesabu zote zilizomo ni za kujumlisha na kuzidisha tu. Aliyefika chuo kikuu anaziweza.

1. Mdomo wa pampu

Wenzetu wa Kenya walianza kujibu swali hili zaidi ya miaka kumi iliyopita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachoingia ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, cha aina ileile inayoiambia simu yako kwamba umeigeuza ubavu. Mpini ukipanda na kushuka, kihisi kinahesabu. Hesabu hiyo hutumwa kwa SMS kupitia mtandao wa kawaida wa simu, na aliyeko ofisini anajua pampu fulani leo imetoa maji kiasi gani, au haikutoa kabisa.

Kifaa hicho kilijaribiwa Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, kwenye pampu 66, pamoja na timu ya mafundi waliokuwa tayari kwenda mara taarifa inapofika. Kabla ya jaribio, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Wakati wa jaribio muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zilezile, na visima vilevile.

Rwanda nako walifanya jaribio la namna hiyo kwenye pampu 181, wakizigawa katika makundi matatu. Kundi lililoachwa katika matunzo ya kawaida lilisubiri kiasi cha siku 152 hadi pampu kutengenezwa. Kundi lililotembelewa na mafundi kwa ratiba lilisubiri kama siku 57. Kundi ambalo mafundi waliongozwa na taarifa za vihisi lilisubiri kama siku 21. Hizo siku 131 kati ya kundi la kwanza na la tatu, kwa mama mwenye dumu kichwani, si takwimu.

Kwale, pwani ya Kenya, watafiti walisogea hatua nyingine. Waligundua kwamba mpini unapopigwa hutetemeka kwa namna inayobadilika kulingana na kina cha maji chini ya ardhi. Kwa kusoma mitetemo hiyo kwa kompyuta, walianza kukadiria kina cha maji bila kushusha kamba kisimani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017.

Basi mdomo upo, na una maneno ya kusema. Chakula chake ni umeme, na vifaa vya namna hii kwa kawaida hula betri. Betri huisha. Kwenda kuibadilisha kwenye kijiji cha Jonglei wakati wa masika, barabara ikiwa imegeuka ziwa, ni safari ya siku kadhaa kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole. Ndipo linapokuja swali la darsa letu: mpini wenyewe unatikisika mchana kutwa. Je, mtikisiko huo hauwezi kukilisha kihisi?

2. Kuvuna mtikisiko ni nini

Umeme hauzuki bila chanzo. Ni nishati iliyobadilishwa kutoka sura nyingine. Mtikisiko nao ni nishati, na kuna njia mbili mashuhuri za kuubadilisha.

Ya kwanza ni sumaku na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Sumaku ikipita karibu na koili, umeme unatembea ndani ya waya. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831. Wewe umeliona kwenye dinamo ya baiskeli: tairi linazungusha dinamo, taa inawaka, na miguu inahisi uzito kidogo. Ukumbuke uzito huo, tutaurudia.

Ya pili ni fuwele za piezo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kiwashio cha jiko la gesi kinacholia "ta!" na kutoa cheche bila betri kinafanya kazi kwa njia hiyo.

Hata kuvuna mwendo wa polepole si jambo geni. Saa za mkononi zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono zipo tangu miaka ya 1920. Ndani yake mna kipande kizito kinachoning'inia na kuyumba kila mvaaji anapopunga mkono. Mwaka 1988 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ambayo kipande hicho huzungusha jenereta ndogo ya umeme. Mkono wa mtu anayetembea hupunga kama mara moja kwa sekunde, na saa inaridhika.

3. Kwa nini polepole ni tabu

Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja hupimwa kwa hezi. Mashine ya umeme hutetemeka mara 50 au zaidi kwa sekunde, yaani hezi 50. Daraja likipitiwa na lori huyumba mara mbili tatu kwa sekunde. Mpini wa pampu hupigwa kama mara 40 kwa dakika, ambayo haifiki hata hezi moja. Hiyo ndiyo tunayoiita mitikisiko ya polepole.

Hapa inabidi tutofautishe hali mbili, kwa maana wengi wakizichanganya wanapotea.

Hali ya kwanza ni pale kitu kimoja kinapotembea na kingine kimetulia. Mpini unapanda na kushuka, kiwiliwili cha pampu kimesimama. Hapa kazi ni rahisi: weka sumaku kwenye mpini na koili kwenye kiwiliwili, sumaku ipite mbele ya koili kila mpini unaposhuka.

Hali ya pili ni pale kila kitu kinapotikisika pamoja. Chini ya daraja huna mahali palipotulia pa kushikiza koili, maana daraja lote linayumba. Inakubidi ubebe utulivu wako mwenyewe: kipande kizito kinachoning'inia kwa springi ndani ya kisanduku. Kisanduku kikitikisika, kile kizito kinachelewa kufuata, na kwenye kuchelewa huko ndipo nishati inapovunwa.

Sasa mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa mdundo wake, anapaa juu. Ukimsukuma nje ya mdundo, unachoka na yeye hapandi. Springi nayo ina mdundo wake, na mavuno huwa mengi pale mdundo wa springi unapolingana na wa mtikisiko. Kwa mtikisiko wa hezi 50 hilo ni jepesi: springi iliyolinganishwa na mdundo huo hulegea kwa uzito wake kiasi cha milimita 0.1 tu. Kwa hezi 2.5 hulegea sentimita 4. Kwa hezi 1 hulegea sentimita 25! Usidhani kwamba kupunguza uzito kutasaidia. Uwe mzito au mwepesi, maadamu mdundo ni uleule, springi ya kusimama wima hulegea kiasi kilekile. Sentimita 25 ndani ya kifaa cha ukubwa wa kibiriti haziingii.

Tabu ya pili ni kubwa zaidi. Ikiwa urefu wa mwendo na ukubwa wa kisanduku ni vilevile, kiasi cha juu kabisa unachoweza kuvuna hufuata idadi ya mitikisiko ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Punguza mitikisiko nusu, mavuno yanabaki moja ya nane. Kutoka hezi 50 hadi hezi 2.5 ni mara 20 pungufu, na 20 × 20 × 20 ni 8,000. Mavuno yanapungua mara elfu nane. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kisanduku kidogo na kukuambia kitawasha taa za mtaa kwa kuyumba kwa daraja, mwombe hesabu kabla hujampa pesa.

4. Ujanja wa ilimba

Watafiti hawakukata tamaa. Ujanja mmojawapo unaotumika sana ni kuugeuza mtikisiko wa polepole kuwa wa kasi. Atakayeuelewa haraka ni yule aliyewahi kumwona Mgogo wa Dodoma akipiga ilimba. Kidole gumba kinashuka polepole, kinakikunja kijiti cha chuma, kinakiachia. Kidole kimegusa mara moja tu, lakini kijiti kinatetemeka mara mamia kwa sekunde hadi sauti iishe.

Katika kifaa cha kuvunia, badala ya kidole kuna kitu kinachosogea polepole kwa mwendo wa mpini au wa daraja, na badala ya kijiti kuna ulimi mwembamba wenye piezo. Kila pigo moja la polepole linauacha ulimi ukitetemeka kwa kasi, na umeme unavunwa kwenye kutetemeka huko. Sumaku pia hutumika kuusukuma ulimi bila kuugusa, ili usichakae kwa kusuguliwa.

Ujanja mwingine ni ule wa saa: kuacha springi na kutumia kitu kinachoning'inia na kuyumba, au mpira wa sumaku unaobingirika ndani ya bomba. Vitu hivi havihitaji kulegea sentimita 25 ili kuuitikia mwendo wa polepole.

5. Hesabu ya kibaba

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema pia bandu bandu humaliza gogo. Anayevuna nishati ndogo lazima azishike methali zote mbili, ya mapato na ya matumizi. Tuanze na matumizi. Nishati hupimwa kwa juli, na wati moja ni juli moja kila sekunde. Namba zifuatazo ni za mfano, zilizo karibu na vifaa halisi.

Kihisi kikiwa macho kidogo, kikihesabu mipigo tu, tuchukulie kinakula maikrowati 20. Maikrowati ni sehemu moja ya milioni ya wati. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kwa siku kinakula kama juli 1.7. Kutuma SMS ni ghali zaidi, kwa sababu kifaa lazima kiamke, kiutafute mnara, kijitambulishe, ndipo kitume. Tuchukulie juli 30. Ujumbe mmoja kwa siku pamoja na kukaa macho ni kama juli 32.

Sasa mapato. Mama anayevuta dumu la lita 20 kutoka kina cha mita 30 anayapa maji nishati ya 20 × 9.8 × 30, yaani juli 5,880. Na hapo hatujahesabu anachopoteza kwa msuguano. Dumu moja tu lina nishati ya kukilisha kihisi chetu zaidi ya siku 180!

Ila hatuitaki jasho la mama. Tunataka chembe tu. Dumu moja ni mipigo kama 70. Tukivuna milijuli 10 kwa kila pigo, yaani sehemu moja ya mia ya juli, tunapata juli 0.7 kwa dumu. Nusu ikipotea njiani kwenye koili na kapasita, inabaki juli 0.35. Madumu 92 yanatosha kulipa juli 32 za siku. Pampu ya mtaa wenye watu wengi huvuta madumu hayo kabla ya adhuhuri. Na uzito ule wa dinamo niliowaambia muukumbuke? Hapa ni juli 0.7 ndani ya 5,880, chini ya sehemu moja ya elfu nane. Hakuna mkono utakaouhisi.

Linganisha na daraja. Sote tunalijua Daraja la Uhuru juu ya Mto Nile hapa Juba, lenye mita 560, lililofunguliwa mwaka 2022 kwa msaada wa Japani. Tuchukulie, kwa mfano wa darasani tu, daraja linayumba milimita 1 kwa hezi 2.5 lori linapopita, na kisanduku chetu kina kipande cha gramu 100 chenye nafasi ya kusogea milimita 10 kila upande. Kiasi cha juu kabisa ni kama miliwati 2.5, na kifaa halisi tukikipa moja ya kumi si haba. Lori likilitikisa daraja kwa sekunde 10, tumevuna milijuli 2.5. Ili tutume SMS moja ya juli 30 tunahitaji malori 12,000!

Je, tufunge kitabu? Hapana. Badilisha redio. Zipo redio za nguvu ndogo zinazotuma ujumbe mfupi mbali, kama zile zinazoitwa LoRa. Ujumbe mmoja unaweza kugharimu kama juli 0.1, na kwa bei hiyo malori 40 yanaulipa. Masharti ni kwamba pawe na kipokezi karibu chenye umeme wake, na kihisi kilale usingizi hadi lori limwamshe, kwa sababu akikaa macho siku nzima bandu bandu itamaliza gogo. Hivyo mhandisi mzuri wa kazi hii huanza kwa kupunguza ulaji, kisha ndipo anatafuta mavuno.

6. Haki ya betri na ya jua

Mgala muue na haki yake mpe. Betri mbili za kawaida, zile za rimoti, zina kama juli 27,000. Kwa juli 32 kwa siku zinafika zaidi ya siku 800 kwenye karatasi, ingawa joto la Juba litazipunguza. Kwa ujumbe mmoja kwa siku, betri si adui. Lakini ukitaka ujumbe kila saa, matumizi yanapanda hadi juli 720 na zaidi kwa siku, na betri zilezile hazimalizi siku 40.

Na jua? Paneli ndogo ya wati 1 ikipata saa tano za jua kamili huleta juli 18,000 kwa siku. Hakuna mtikisiko wa polepole utakaoishinda kwa wingi. Tatizo la paneli ni kwamba huonekana. Huvunjwa na mpira wa watoto, hufunikwa na vumbi, na wakati mwingine hulala kwenye pampu ikaamkia kwenye nyumba ya mtu akichajia simu.

Kwa hiyo msimamo wa haki ni huu. Kuvuna mtikisiko kunafaa pale pasipoingia jua, pasipofikika kirahisi, au panapotakiwa kifaa kisionekane: ndani ya mpini, chini ya daraja, ndani ya mashine. Kwingineko jua au betri vinatosha, na kung'ang'ania mtikisiko ni kujitia mashaka bure.

7. Neno la mwisho

Kuna mtego mmoja ambao mimi na rafiki yangu tuliugundua tukiwa tumeshafurahia hesabu zetu. Kihisi kinachokula mtikisiko wa mpini kinashiba pampu inapofanya kazi. Pampu ikiharibika, watu wanaacha kuvuta. Mpini unatulia. Chakula kinakatika siku ileile ambayo ujumbe unahitajika kuliko siku zote. Tumetengeneza mdomo unaozungumza wakati wa afya na kunyamaza wakati wa ugonjwa!

Dawa ya kwanza ni kuufanya ukimya wenyewe uwe habari. Ujumbe wa kila siku usipofika, ofisini kengele inalia. Ila hapa Sudan Kusini ukimya una maana nyingi: mnara wa simu huenda umekosa dizeli, au mafuriko yamewahamisha watu.

Dawa ya pili ni akiba. Kifaa kiwe na kapasita kubwa. Ya faradi 10 iliyojazwa hadi volti 2.7 ina juli 36, na kama 27 kati ya hizo zinaweza kutumika bila tabu. Kwa SMS ya juli 30 haitoshi, basi ziwekwe mbili. Muhimu zaidi ni kanuni: kifaa kisiruhusiwe kuila akiba yote. Kiasi cha ujumbe mmoja kitengwe na kisiguswe kwa lolote, kama mtu mwenye busara anavyoandika wasia wake akiwa mzima. Mpini ukikaa kimya kwa muda usio wa kawaida, kifaa kinatumia akiba hiyo kusema neno moja: "Nimenyamaza, njooni." Baada ya hapo kikizimika kimeshatimiza kazi yake.

8. Turudi kwenye wakfu

Sasa mnaona kwa nini nilikubali kuandika. Sote tunakijua kisa cha kisima cha Ruma, ambacho Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua na kukiacha kwa Waislamu wa Madina. Tunakisimulia kwenye hotuba za kuchangisha, na watu wanatoa. Katika fiqhi ya wakfu kuna kanuni tunayoisimulia mara chache: mapato ya wakfu huanza kwa kuukarabati wakfu wenyewe, kabla ya kugawiwa wanaofaidika. Mafakihi walijua kwamba kitu kisichotunzwa hakina cha kugawa.

Sisi tumekuwa hodari wa kuchimba na kupiga picha siku ya ufunguzi. Kibao kinaandikwa jina, dua inaombwa, gari linaondoka. Msimamizi hajulikani ni nani, akiba ya raba za pistoni haipo, na namba ya fundi iko kwenye simu ya mtu aliyehamia Gudele na kubadilisha laini.

Kihisi hakitatibu hayo peke yake. Tazama tena Kyuso. Siku 27 hazikushuka kwa sababu ya kifaa tu. Zilishuka kwa kuwa upande wa pili wa ujumbe palikuwa na fundi mwenye pikipiki, vipuri na mshahara. Ujumbe usio na wa kuupokea ni sawa na adhana kwenye kijiji kilichohama.

Kwa hiyo ombi langu kwa chama chetu ni dogo, na halihitaji umeme wowote. Kabla hatujaota vihisi, tuorodheshe pampu zote zilizo kwenye misikiti na madrasa tunazozifahamu Juba. Kila pampu ipate mtu mmoja wa kuitazama, namba ya fundi ibandikwe ukutani, na raba za akiba ziwekwe kwenye kabati la msikiti. Huyo mtu ndiye kihisi chetu cha kwanza. Halafu wenzetu wa uhandisi watafute mpini mmoja, sumaku na koili, wapime kwa mikono yao kama zile milijuli 10 kwa pigo zinapatikana. Wakipata 3, watuambie 3. Hesabu ya kweli iliyo ndogo inatufaa zaidi ya ahadi kubwa.

Pampu ya msikiti wetu sasa inatoa maji. Yule mama mzee bado anakuja alfajiri na dumu lake la njano. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, mdomo umefikia wapi?" Nilimwambia bado tunapiga hesabu. Akacheka, akanipa namba yake ya simu. "Basi mpaka mmalize, niandike mimi." Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.

Maswali ya kujipima

1. Pampu inavuta madumu 60 kwa siku, mipigo 70 kwa dumu. Ukivuna milijuli 10 kwa pigo na nusu ikapotea, unabaki na juli ngapi? Je, zinatosha SMS moja kila siku, au utume siku moja na kuacha siku moja?

2. Kwa nini springi haihitajiki kwenye mpini wa pampu lakini inahitajika chini ya daraja?

3. Kihisi kimekaa kimya siku tatu. Taja sababu tatu tofauti, na useme namna ya kuzitofautisha bila kwenda huko.

4. Pampu iliyo karibu na unapoishi ikiharibika kesho, nani atajua kwanza, na atampigia nani? Swali hili ukilikosa, anza nalo.